Ugonjwa wa Watu Wengine

Bafwasende, 22 Februari 2021

Mdogo wangu Karima,

Amani iwe kwako, kwa Mama yetu Hadidja na kwa nyumba nzima, pamoja na yule jirani ambaye mbuzi wake wanakula nguo kwenye kamba. Sisi huku tuko wazima. Mvua haijatuacha. Barabara imekatika upande wa Bafwaboli, malori mawili yamelala ubavu, na abiria wake wanapika hapo hapo kama watu waliogawiwa kiwanja. Duka langu linakwenda. Wachimbaji wa dhahabu hawajaacha kununua koleo, beseni na maturubai. Corona haijawafikia huko mashimoni, au imefika ikakosa mahali pa kulala.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua: mnara wa simu huku hufanya kazi siku ambayo mafuta ya jenereta yamefika, na mafuta huletwa na malori, na malori nimekwisha kukueleza yalivyolala. Ya pili ni kwamba kwenu simu haina siri. Mama akijua ni mimi, anadai sauti ifunguliwe yote, na kesho yake soko zima la Tshopo linajua nilichokula. Kwa hiyo barua nimempa Amuri, dereva wa lori la ndizi. Ni mtu wa siri.

Sasa maneno yenyewe. Redio imesema ugonjwa huu unachagua. Hauwashiki watu wote kwa nguvu moja. Wengine wanakohoa, wanalala, wanaamka, na wengine wanakwenda kutafuta pumzi hospitalini. Na wanaochaguliwa kwanza ni wazee. Mama amevuka themanini. Basi mimi, mtoto mkubwa wa marehemu Baba, natoa maagizo. Asiende sokoni. Asiende matanga, hata akifa mtu wa karibu. Wageni wamsalimie kutoka mlangoni. Wajukuu wasimkumbatie mpaka dunia itulie. Ukilegea hata kidogo, Karima, nitakuuliza wewe.

Mimi usinihofie. Nina miaka hamsini na mitatu, mwili umejaa vizuri, watu wakiniona kwa mbali wanajua patron, tajiri wa duka, anakuja. Joto tu linanisumbua mwaka huu, nakunywa maji mengi.

Kuna jambo jingine, usimsomee Mama bado. Tangu mke wangu afariki nimekaa peke yangu inatosha. Hapa kuna mama mjane anaitwa Safiya, ana mgahawa wa wali na maharagwe kwenye maegesho ya malori. Nimeanza maongezi ya posa na kaka yake, Jafari, ambaye ni mtu wa maswali. Ameuliza kuhusu dini yangu, ukoo wangu, duka langu na afya yangu. Nimemjibu yote vizuri.

Ni mimi kaka yako,
Aboubakar


Kisangani, komini ya Tshopo, 20 Machi 2021

Yaya Aboubakar, kaka yangu mkubwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Barua yako ilifika na harufu ya ndizi mbivu. Sisi hatujambo. Mto umejaa, maji ya bwawa tunayasikia yakinguruma kutoka hapa nyumbani, na umeme wake hatuuoni; hilo si habari, ni desturi. Wale mbuzi wamekula kilemba chako ulichokiacha. Mama yuko, anakula. Kulikuwa na wiki mbili hivi alipunguza kelele, lakini sasa zimerudi zote.

Maagizo yako nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Ule mutoto anazani mimi ni kuku ya kufungia ndani?" Kisha akajifunga kitenge akatoka. Basi, kwa upande wa maagizo, ujue yamepokelewa.

Habari ya Safiya imenifurahisha. Sikumsomea Mama, kama ulivyoomba. Haikuhitajika, kwani Amuri alikuwa amemweleza kabla hajanipa barua.

Sasa nisikilize. Daktari Émilie wa kituo chetu cha afya alituita sisi wanawake wa mtaa akatueleza ugonjwa huu. Redio yako haikudanganya, umri ndio wa kwanza. Lakini alisema umri una ndugu. Mtu mwenye sukari katika damu, mwenye tension, yaani presha ya damu, mwenye moyo au figo zilizochoka, mwenye mapafu mabovu, mwenye unene uliopita kiasi, huyo akiambukizwa anaweza kuzidiwa kuliko mwenzake, hata kama hajafika umri wa Mama. Akiwa nayo mawili au matatu pamoja, mbaya zaidi. Tena akasema wanaume wanazidiwa kuliko wanawake. Hapo tulinyamaza kwa heshima, kisha mmoja nyuma akacheka na mkutano ukaharibika.

Alipotutuliza akaongeza kwamba wengi wana sukari na hawajui, na wengine wanajua na hawasemi. Alipowataja hao wa pili nikakukumbuka.

Mwaka juzi ulikuja hapa. Ulisema macho yanaona ukungu, umekuja kutengeneza miwani. Asubuhi ulitoka bila kunywa chai, na Mama akakasirika. Ukarudi Bafwasende bila miwani. Nakuuliza kwa heshima, Yaya, ulipimwa nini? Kumbuka mguu wa Baba.

Mdogo wako,
Karima


Bafwasende, 10 Aprili 2021

Mdogo wangu Karima,

Salamu, na Ramadhani inayoingia iwe ya heri kwenu. Hapa mchele umepanda bei kama kawaida ya mwezi mtukufu, na wafanyabiashara wote wanalaumu barabara, nami nikiwa miongoni mwao. Yale malori yameinuliwa. Abiria mmoja amekataa kuondoka, anasema biashara ya kupikia watu imeshika.

Daktari wako nimemsikia. Anasema vizuri, hasa kuhusu unene. Mara moja nilimfikiria Henri, fundi pikipiki aliye mkabala na duka langu. Ni Mkatoliki mwema, lakini shati lake halifungi vifungo vya chini. Nilimwita, nikampa kiti, nikamweleza kila kitu kama ulivyoandika: sukari, tension, moyo, figo. Nilieleza mpaka wateja wakasimama kusikiliza. Henri aliogopa, akaenda kupimwa. Wamemkuta na tension kali. Amepewa vidonge, anavimeza kila asubuhi, na mkewe ananisalimu kama mtu aliyemtoa mumewe mtoni. Unaona, barua zako hazipotei bure.

Kuhusu miwani: fundi hakuwa na fremu ya kunienea uso. Kuhusu Baba: Baba alikanyaga msumari. Kila mtu anajua alikanyaga msumari.

Sasa na mimi nina swali. Umeandika kwamba Mama alipunguza kelele wiki mbili. Karima, mimi ni mtoto wake. Mama hakupunguza kelele hata siku ya kuzikwa mama yake. Kitu gani kilitokea?

Mimi nitafunga mwezi wote. Jafari ananitazama, na mtu anayeposa hawezi kuonekana akila mchana kama mgonjwa. Arusi tumeipanga baada ya Idi ya kuchinja, Mungu akipenda.

Kaka yako,
Aboubakar


Kisangani, 22 Mei 2021

Yaya,

Idi njema, ingawa imepita. Tulipika lituma ya ndizi na samaki wa mvuke, Mama akala sehemu yake na ya jirani. Karama, yule binamu wa Kabondo, amepata mtoto wa kike. Paa la jikoni linavuja, mafundi wanakuja kulitazama na kuondoka.

Amuri ameketi hapa barazani, anakunywa chai, na Mama amemhoji kama askari wa kizuizi cha barabarani. Nayaandika kama yalivyosemwa.

"Mutoto yangu anaendelea namna gani?"

"Patron iko bien, Mama. Bon, amekonda kidogo. Na anakunywa mayi sawa moteur yenye kuvuja."

"Na kukojoa?"

Amuri akatazama kikombe. "Siku ile tulienda naye Nia-Nia, alinisimamisha kila pahali apate kuingia mu pori. Wapassagers walianza kucheka."

Mama hakucheka. Akaniambia nilete karatasi, niandike anavyosema, nisirekebishe. Haya ni yake:

"Aboubakar. Ni mama yako. Ile wiki mbili unauliza, nilikuwa mugonjwa. Nilienda matanga ya Florentine. Alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa wasichana, sikuweza kumuacha azikwe bila mimi. Nikarudi na kikohozi, na pua haikusikia tena harufu, hata ya samaki ya moshi. Daktari alikuja akapima, ikawa ni ile corona. Karima alilia sana. Mimi nikalala, kisha nikaamka, nikaomba supu. Alikataa kukuandikia kwa sababu alijua utapanda lori ya kwanza kuja kupiga makelele. Donc sasa umejua, usinichunge tena.

"Neno la pili. Baba yako hakukanyaga musumari. Ule musumari tulimutafutia sisi, kwa kuwa alikataa mutu aseme sukari ndani ya nyumba yake. Alikuwa na kidonda kidogo sawa ukucha ya kidole. Akakificha ndani ya soksi, akaenda nayo sokoni, akaenda nayo musikitini, mpaka harufu ikamusema. Wakakata muguu, na ilikuwa imechelewa. Watu wanasema muguu ndio ulimuua baba yako. Si muguu. Ni soksi."

Hapo akaniambia nifunge. Mimi naongeza hili tu. Daktari Émilie anasema tumshukuru Mungu, kwani wengi wa umri wa Mama hawakuamka. Alimpima sukari na tension, hana hata moja, na labda hilo lilimsaidia. Usichukue kupona kwake ukafanya ruhusa yako. Lori la Amuri likifika huko linageuza Jumatatu. Panda, njoo upimwe.

Karima


Bafwasende, 17 Juni 2021

Karima,

Salamu kwa wote. Sitaandika mengi, mkono umechoka.

Barua ya Mama nimeisoma. Nitamjibu nikipata maneno.

Nina mafua kidogo, ni vumbi la barabara. Leo nimefunga duka ili kupanga bidhaa. Safiya ameleta uji, nimemrudishia. Henri anasimama mlangoni ananiuliza kama nimepima, nami nimemwambia akatengeneze pikipiki za watu.

Kutoka kitandani mpaka dirishani napumzika njiani. Nadhani ni uzee umeanza.

Nitakuja kwa huyo daktari wako, nimekubali. Lakini acha kwanza nipone, si vizuri kumwendea daktari mtu akiwa mgonjwa hivi.

Usimwambie Mama.

A.


Kisangani, 29 Juni 2021

Yaya wangu,

Naandika nikiwa upande huu wa ukuta wa hospitali, nawe uko upande wa pili. Wamesema karatasi zinaingia, watu hawaingii. Mama wa usafi atakupa hii atakapoingia zamu yake. Kutoka Bafwasende barua zilipita msituni na matope, hii itapita mlango mmoja, na mlango huo ni mrefu kuliko barabara yote.

Mama anakusalimu. Watoto wanakusalimu. Henri ametuma salamu kwa dereva, anasema duka lako analilinda na paka wako anakula.

Nesi amesema siku za kwanza hukuwa unajua uko wapi, basi nikueleze. Safiya alikuja na uji mara nyingine akakuta umekaa kitandani, midomo imebadilika rangi, unavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima. Hakukuuliza kitu. Alikwenda maegesho, akasimama mbele ya lori la Amuri, akamwambia ashushe ndizi. Amuri akasema ndizi ni za watu. Akamwambia, "Zitaoza. Na yeye ataoza pia. Chagua." Wakatandika godoro. Alikushika mabega njia nzima usilale chali, na kwenye matope abiria walishuka kusukuma, naye hakukuachia.

Nilikuwa mlangoni mlipofika. Walikufunga mask ya oksijeni hapo hapo kwenye kiti. Wakakuchoma kidole kupima sukari, na kile kimashine hakikutoa namba. Kiliandika tu kwamba imepita uwezo wake. Daktari wa zamu aligeuka akauliza, "Ana sukari tangu lini?"

Nilifungua mdomo niseme hatujui. Safiya akanitangulia. "Tangu mbele ya kunijua mimi. Vidonge vyake viko dukani, ndani ya kopo ya misumari. Hakuvigusa tena tangu maongezi ya arusi ianze."

Nilimtazama. Nikamuuliza alijuaje. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mume wake wa kwanza alikuwa na ugonjwa huo huo, na alipokuona umekaa mgahawani, unasukuma sahani na kuomba jagi lingine la maji, alijua; na siku alizokuja dukani kununua misumari aliviona vidonge, havipungui. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Nilingoja aseme yeye. Mimi sikutaka kuolewa na mutu kwa kumukamata."

Yaya, kila mtu alijua. Mama alijua, Safiya alijua, hata abiria wa Nia-Nia walijua bila kujua wanajua. Aliyefichwa ni Jafari peke yake, na mimi kidogo.

Mama amekaa hapa nje kwenye kiti cha plastiki, barakoa imemfika machoni. Tulimwambia arudi nyumbani kwa sababu ya umri wake. Amesema umri wake ameuleta mwenyewe, atarudi nao mwenyewe. Walinzi wamechoka kubishana naye, sasa wanamletea chai.

Nijibu hata neno moja.

Karima


Hospitali, 9 Julai 2021

Karima,

Hujambo, na Mama hajambo? Naandika juu ya katoni ya dawa, nesi amenipa kalamu yake. Leo wamenitoa mask kwa muda. Nimevuta hewa ya bure kama watu wengine, na ni tamu.

Umeuliza mwaka juzi nilipimwa nini. Nilipimwa sukari. Waliniambia jina lake na kunipa vidonge. Nilipotoka pale nilisimama barabarani, watu wa toleka wananiita nipande baiskeli zao, nami siwasikii. Nilikuwa nautazama mguu wangu. Nilikuwa kijana wakati wanamleta Baba kutoka kukatwa, mimi ndiye niliyembeba mgongoni kumwingiza ndani, na alikuwa mwepesi upande mmoja. Sikumwambia mtu hilo. Basi nikaona kwamba nisipolitaja lile neno, na lenyewe halitanitaja. Kwa muda lilinitii. Nilikuwa nameza vidonge kwa siri kama mwizi. Kisha Jafari akauliza habari ya afya, nikajibu nzuri, na mtu aliyesema afya yake ni nzuri anamezaje dawa? Niliviacha ili nisiwe mwongo. Angalia akili hiyo.

Nilichunga kila mtu. Nilimchunga Mama, akaugua akapona bila mimi. Nilimchunga Henri, akanisikia, akapona kabla ya kuugua. Nilisimama mbele ya wateja nikawatajia hatari zote moja moja, na zote zilikuwa zimevaa shati langu.

Kwenye kitanda cha kushoto kwangu alikuwa kijana mwalimu, mwembamba, mcheshi. Hakuwa na sukari wala tension, alikuwa anacheza mpira. Amefariki juzi. Nilimuuliza daktari kwa nini yeye na si mimi mwenye mizigo yote. Alikaa kidogo ukingoni mwa kitanda. Akasema mwenye mzigo huzama upesi, ndiyo, lakini mto unamchukua hata asiye na mzigo, na sababu yake wao hawajaijua yote. Nimempenda kwa kusema hajui. Mama wa yule kijana alikuja kuchukua viatu vyake. Sikuweza kumtazama.

Mwambie Mama nimepata maneno ya kumjibu. Ni haya: nimevua soksi.

Na umuulize Safiya kwa niaba yangu kama maongezi yetu yamekufa. Mwambie naanza upya, jibu la afya nimelibadilisha.

Aboubakar


Bafwasende, 3 Oktoba 2021

Mdogo wangu Karima,

Amani kwenu. Tumefika salama, mimi na mke wangu, na neno hilo "mke wangu" bado naliandika polepole. Jafari alikuja akakubali pale pale Kisangani, unakumbuka, akasema mtu aliyebebwa na Safiya juu ya lori la ndizi haina maana kumkatalia. Gharama ya ndizi tumeelewana na wenyewe. Barabara ni ile ile.

Sasa habari ya mji. Tumbo langu limeisha, na limeondoka na heshima yake. Wateja wananitazama, wanaulizana pembeni kama duka linafilisika. Safiya ananipimia wali kwa kikombe kidogo cha chai, sombe, yale majani ya muhogo, ananiachia nijaze mwenyewe. Kila jioni anatazama nyayo zangu kwa tochi kama mtu anayekagua almasi. Vidonge viko mezani, karibu na redio, kila anayeingia anaviona.

Na hapo ndipo kuna kichekesho. Mapatron wa Bafwasende wameanza kunitembelea. Anakuja mmoja karibu na kufunga duka, anashika koleo, analigeuza, anauliza bei anayoijua. Kisha anasema, "Aboubakar, niko na rafiki. Ule rafiki anakunywa mayi sana." Kesho anakuja mwingine, rafiki yake anaona ukungu. Wiki iliyopita alikuja shemeji Jafari mwenyewe, mtu wa maswali. Na yeye ana rafiki. Nimemjibu, "Mwambie rafiki yako apande lori Jumatatu, nami nitampandisha kwa mkono." Alipanda. Nimehesabu marafiki hao, Karima, na sijaona hata mmoja ambaye si yeye mwenyewe.

Henri alipata corona nikiwa hospitalini. Alikohoa nyumbani kwake, akaamka. Tension yake ilikuwa imeshikwa. Hanisimangi, na ndiyo inayoniuma.

Sasa swali, na usinijibu habari za paa. Sisi ni watoto wa baba mmoja. Daktari wa hospitali aliniambia ugonjwa huu wa sukari hupita katika familia kama pua. Ulimpeleka Mama, ulimpeleka jirani wa mbuzi, ulinipeleka mimi. Wewe umepimwa?

Kaka yako,
Aboubakar


Kisangani, 30 Oktoba 2021

Yaya,

Leo naanza na maneno, salamu zitafuata.

Nina sukari.

Barua yako ilikaa mezani wiki nzima. Niliisoma, nikafua nguo. Nikaisoma tena, nikaita mafundi wa paa. Ni kweli, niliwapeleka wote kwa Daktari Émilie. Wao wakiingia, mimi nilibaki kwenye benchi nikiwashikia mikoba. Ni mahali pazuri pa kujificha, benchi lile, mtu anakuona umekuja na hakuulizi.

Mama ndiye aliyesema twende. Safari hii yeye alishika mkoba. Daktari Émilie alinichoma kidole, akatazama, akavuta kiti chake karibu. Nikamwona anataka kusema, nikamfanyia ishara ashushe sauti. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Kumbe sote katika nyumba ile tulilelewa kwa mkono huo.

Mama akasema, "Sema kwa nguvu, docteur. Masikio yangu yamezeeka."

Akasema kwa nguvu. Watu wa benchi walisikia. Mama mmoja akatikisa kichwa, mwingine akaendelea kunyonyesha. Hakuna kilichoanguka.

Si kama yako ilivyokuwa. Imeonekana mapema, vidonge vinatosha na kutembea kwa mguu. Nilirudi nyumbani kwa mguu. Nililia karibu na soko, nikanunua mchicha, nikafika. Naogopa, Yaya. Nakuandikia hivyo hivyo kama ilivyo. Corona bado ipo, na sasa najua ikinishika itanikuta na sukari, basi nimevaa barakoa na nakwenda kituoni kila siku waliyoniambia.

Sasa salamu. Mama hajambo, jana alikwenda matanga. Mtoto wa Karama ameota meno. Mto umeanza kupanda. Msalimie Safiya, umshukuru tena, na Henri, na Jafari na rafiki yake.

Na wewe, habari za mwili wako? Nauliza ili nijibiwe.

Karima